Nilitoa Jumapili ya Wasichana kwa Mdomo Wangu

Kabla hamjamlaumu mwenyekiti wetu, au mgeni rasmi, au mvua ya huku kwetu, nilaumuni mimi. Mimi ndiye niliyetoa Jumapili ya wasichana. Sikuibiwa, sikulazimishwa, hata sikuombwa mara mbili. Niliulizwa mbele ya watu, nikafungua mdomo, nikaitoa.

Jina langu sitalitaja. Watu wa kwetu wakisoma hapa watanijua kabla hawajafika katikati, na hao wana haki ya kunijua. Ninyi wengine nisikilizeni tu kama mnavyomsikiliza mama aliyekaa kando yenu kwenye foleni ya hospitali, ambaye hamkumuuliza kitu na yeye ameshaanza kusema.

Mimi ni mkulima mdogo wa chai, upande wa Sotik tunakopakana na Wakisii. Nina chai ya kututosha mimi na watoto, nina ng'ombe wawili wa maziwa, na nina mdomo. Mdomo huo ndio ulioniingiza kwenye kamati ya mashindano ya mpira ya soko letu. Wanaume tisa, na mimi mwakilishi wa timu ya wasichana.

Haya mashindano ni ya kila mwaka, na timu za wanaume hutoka hadi Ndanai na Litein. Wasichana nao hucheza, lakini kwa jinsi walivyokuwa wakichezeshwa, afadhali wasingeitwa. Mechi yao iliwekwa saa ya watu kula. Mwaka mmoja kipindi cha pili hakijaisha, wanaume wakaingia kupasha misuli, wanakimbia nyuma ya goli, wengine wanakatiza uwanjani kabisa, na refa anaangalia saa yake tu. Wanaume wakishinda walipewa fahali. Wasichana walipewa mbuzi, na mwaka mwingine mbuzi mwenyewe alifika anakohoa.

Nilipoingia kwenye kamati nilipiga kelele, na sioni haya kusema nilizipiga vizuri. Nikawaambia uwanja ni mmoja, refa ni mmoja, dakika ni tisini kwa wote, basi na heshima iwe moja. Wengine walisema watu hutoka nyumbani kuona wanaume, nani ataacha ng'ombe wake aje kuangalia wasichana. Nikawauliza watu watawaonaje na ninyi mnawaficha saa ya chakula.

Siku moja golikipa wetu alikuja mwenyewe akasimama mbele ya kamati. Nitamwita Nyaboke, ingawa si jina lake. Msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mikono mirefu, maneno machache.

"Hatutaki mtupende," aliwaambia. "Mtuweke tu kwa bango kama wanaume, na tucheze siku watu wako."

Walicheka, halafu wakakubali. Mwaka huo bango likaandikwa fainali mbili, Jumapili moja, uwanja mmoja, herufi za ukubwa mmoja. Wasichana saa tano, wanaume saa nane. Fahali kwa kila upande. Nilipita pale sokoni kila siku kulisoma lile bango, na kila nikilisoma nilijiona mtu.

Huyu Nyaboke nilimjua kuliko wote. Baba yake alitoka upande wa Kisii akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai. Mashine za kuchuna zilipoletwa, akaachishwa pamoja na wenzake, wakahamia vyumba vya kukodi karibu na soko. Nyaboke alipomaliza kidato cha nne alianza kunichunia mimi majani. Alitaka kusomea uuguzi, lakini karo haikuwapo.

Familia yao ni Wasabato, na baba yake ni mzee wa kanisa. Miaka mitatu Nyaboke alichuna kwangu, Jumamosi hata moja hakuwahi kukanyaga shambani. Ijumaa alitoka mapema aoge na apike kabla Sabato haijaingia, maana kwao inaingia jua likizama. Mara nyingi ni mimi niliyemkumbusha. "Nyaboke, jua linashuka, wacha hiyo mistari, nenda." Kwa hivyo msije mkaniambia labda sikujua. Nilijua.

Mwezi mmoja kabla ya fainali tulicheza mechi ya kirafiki kule Litein. Mama mmoja akanifuata baada ya mechi. Alikuwa mwalimu wa mpira wa chuo fulani, na alikuwa anatafuta golikipa. Akaniambia chuo chao huchukua wachezaji wachache na kuwasomesha bila karo, na huyu wa kwetu amempenda, ila anataka kumwona kwenye mechi kubwa. Nikampa siku ya fainali. Jumapili. Akaiandika.

Nyaboke nilipomwambia hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi akafunika uso na glavu zake.

Sasa njooni kwenye siku ya ujinga wangu.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya fainali. Tulikuwa kwenye chumba cha nyuma cha hoteli tunakokutania. Mwenyekiti akasema mgeni rasmi ametuma neno: atafika Jumapili saa tano, atoke saa saba, na anataka kuona fainali ya wanaume. Kwa hivyo wanaume ndio wacheze saa tano.

"Na wasichana?" niliuliza.

"Baada yao. Lakini mvua ya hapa si unaijua? Saa nane imeshashika. Hao watoto watacheza kwa matope."

Mzee mmoja akasema, "Si wacheze Jumamosi asubuhi wamalize? Wawe na siku yao peke yao. Hiyo ni heshima hata zaidi."

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti ni mtu mpole, sitamsingizia. Aliniambia hivi: "Mama, sisi hatutaki kuamulia wasichana. Wewe ndio tuliweka hapa kwa ajili yao. Ukisema hapana, ni hapana."

Msinipite haraka hapo, ndugu zangu. Kama ningesema hapana, ingekuwa hapana.

Lakini wiki mbili nyuma mmoja wao alikuwa amesema kwamba tangu mama huyu aingie, mikutano haiishi. Walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini neno lile lilinikaa rohoni. Tena nilikuwa nimeshaahidiwa kwamba Jumapili nitakaa meza kuu na kuvalisha wanaume medali pamoja na mgeni. Nguo ilikuwa kwa fundi. Nikajiona nimezungukwa na wanaume tisa wenye njaa wanaosubiri mkutano uishe, na ni mimi tu niliyesimama kati yao na chai yao.

Nikasema, "Hakuna shida. Wasichana wataelewa."

Walinipigia makofi. Mwenyekiti akasema huyo ndiye mama mwenye busara. Na kabla makofi hayajaisha nikakumbuka: Jumamosi. Wasichana watano wa kikosi chetu ni Wasabato, na wa kwanza wao ni golikipa.

Ningeinua mkono wakati ule ule. Ningesema jamani, nimekosea, subirini. Lakini chai ikaletwa, sahani ya mandazi ikaanzia kwangu, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Nikachukua moja, nikala, nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilinishika ulimi, na jibu ninalopata linaniaibisha. Nilifurahi kupendwa na wale wazee. Ni hilo tu.

Alhamisi jioni niliwaambia wasichana mazoezini. Nahodha wetu, nitamwita Chelangat, alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Jumamosi? Mama, Jumamosi tutacheza na nani? Nyaboke na hawa wengine je?"

Nikasema nitaongea na kamati. Sikuongea na kamati. Niliwaza nitaingiaje tena kwenye chumba kile kusema maneno yangu ya jana hayakuwa na akili. Nikampigia yule mwalimu wa chuo mara mbili, hakushika. Nikasema nitampigia usiku. Nikakamua, nikapika, nikalala.

Ijumaa Nyaboke alikuwa kwangu akichuna. Wale Wasabato wengine wanne walikuwa wameshasema hawachezi. Nilijua akikosa yeye pia, timu haitatosha, mechi itavunjika, na kamati itajua kwamba nilikubali bila kuwauliza wenyewe. Hiyo ndiyo aibu niliyokuwa naikimbia. Nikaingia kati ya mistari ya chai mpaka nikamfikia.

"Nyaboke, yule mwalimu nimeongea naye. Anakuja kesho."

Mikono yake ikasimama. "Kesho Jumamosi?"

"Kesho saa nne."

"Si alisema Jumapili?"

"Kamati imebadilisha." Nilitamka neno kamati kama mtu wa kupita tu njiani, asiyekuwamo ndani yake.

Akachuna kidogo, majani mawili na kichipukizi, kama kawaida yake, halafu akauliza bila kunitazama, "Nisipocheza je, mama?"

"Atachukua mwingine. Watu kama hao hawarudi mara mbili."

Ulikuwa uongo. Sikuwa nimeongea na mwalimu yule hata neno moja. Nilijiambia nitampata kesho asubuhi na uongo wangu utageuka kweli, na hapo nani ataumia? Siku hiyo jua liliposhuka sikumkumbusha aende. Alichuna mpaka mwisho wa mstari.

Jumamosi ilipofika, ningependa mngeuona ule uwanja. Nyasi hazikukatwa, kwa sababu mkataji aliambiwa aje alasiri kuuandaa kwa kesho. Chokaa ya kuchora mistari iliwekwa kwa ajili ya kesho. Nyavu za goli zilikuwa stoo zikingoja kesho. Ng'ombe walikuwa wamelishwa pale Ijumaa nzima, na mbele ya goli la juu kwato zilikuwa zimechimba mashimo, matope yakakauka hivyo hivyo. Sanduku la huduma ya kwanza na kijana wa kulishughulikia vilikuwa vya kesho pia. Watazamaji hawakufika thelathini, wengine watoto waliotumwa dukani. Na hii ndiyo siku niliyoambiwa ni heshima hata zaidi.

Nyaboke alikuja peke yake. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, nyeupe, na chini yake sare ya mpira. Akaivua, akaikunja vizuri, akanipa.

"Nishikie, mama. Isiguse matope."

Akaenda kuvaa viatu. Kumbe alikuwa ametoka kanisani katikati ya ibada. Nilikuwa bado nimeishika ile nguo wakati simu yangu ilipolia. Alikuwa yule mwalimu.

"Mama, nimeona simu zako za juzi. Kuna nini?"

Nikamweleza mbio mbio kwamba fainali imekuwa leo.

"Leo siwezi, niko mbali na timu yangu. Lakini kesho nitapita hapo kwenu kama tulivyosema. Hata kama fainali imeisha hakuna neno. Waambie tu wakusanyike, nimwone golikipa akidaka mipira kidogo. Hiyo inanitosha."

Hapa ndipo penyewe. Yale ya Jumatano yalikuwa woga, na ya Ijumaa yalikuwa uongo, lakini haya ya Jumamosi sina jina lake.

Zilibaki kama dakika kumi. Nyaboke alikuwa hatua ishirini kutoka nilipo, anafunga kamba za viatu. Kitu nilichotakiwa kusema ni kifupi: vaa nguo yako, rudi kanisani, mwalimu anakuja kesho. Angewahi hata mahubiri. Lakini angeniuliza, kama leo ndio mnaongea, jana uliongea na nani?

Nikaweka simu kwenye mkoba. Chelangat akaniita kutoka uwanjani, "Mama, huyo mwalimu ameshafika?" Nikainua dole gumba.

Kipindi cha kwanza alidaka kila kitu. Alidaka hata mpira mmoja ambao watu walikuwa wameshaanza kuushangilia. Kila akidaka alitupa jicho pembeni ya uwanja, akitafuta sura ya mgeni kati ya wale watoto. Mimi nilikuwa naangalia chini.

Kipindi cha pili timu yetu ikahamia goli la juu. Mpira wa juu ukaja, akatoka kuufuata, mguu ukaingia kwenye shimo la kwato. Alianguka vibaya, mkono wa kulia ukiwa chini yake. Hakupiga ukelele. Alisema tu polepole, "Nyasae," jina la Mungu kwa lugha yao, na akabaki amelala.

Tuliufunga mkono na kitambaa changu cha kichwa, kwa sababu hakukuwa na kingine. Nikapiga simu ya dereva wa pikapu ya kamati, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Pikapu ilikuwa imefungwa spika, inazunguka sokoni na vijijini ikitangaza, na sauti yake tuliisikia ikipanda na kushuka ng'ambo ya chai. Kesho ni fainali, watu wote wafike. Dereva hakusikia simu kwa kelele za tangazo lake mwenyewe. Saa nzima tulikaa naye hapo akitetemeka, ndipo boda ikapatikana, nikampakata mpaka hospitali.

Timu ilifungwa mbili. Chelangat alikuwa amevaa glavu za mwenzake.

Baba yake Nyaboke alifika hospitali akiwa bado na suti ya kanisani na Biblia kwapani. Huyu mzee hakuwa adui wa mpira, mjue hivyo. Mechi zote za Jumapili alisimama nyuma ya goli la binti yake na mwavuli, mvua inyeshe isinyeshe. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze.

"Asante, mama, kwa kumleta," alisema. Akakaa kwenye benchi, akaninyooshea mkono aichukue ile nguo nyeupe.

Daktari alisema mfupa umepasuka karibu na kiungo, na kwamba kifundo cha mkono hakitarudi kama kilivyokuwa.

Jumapili nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda, nguo ya fundi na ua kifuani, nikakaa meza kuu. Mgeni aliyesema saa tano alifika saa tisa. Uwanja ulikaa mtupu saa nne nzima, nyasi zimekatwa, mistari inang'aa, nyavu zimefungwa. Na mvua haikunyesha. Siku hiyo hata wingu halikupita. Niliwahesabia wasichana wangu mechi nzima ndani ya ule utupu, na bado muda ukabaki.

Yule mwalimu alikuja kama alivyosema. Alinikuta nimesimama na Chelangat.

"Golikipa wangu yuko wapi?"

"Ameumia," nilimjibu. "Jana kwenye mechi."

"Jana? Lakini mama, nilikuambia jana asubuhi kwamba nakuja leo. Hukuwaambia?"

Chelangat alinitazama. Alinitazama tu mpaka mimi mwenyewe nikaelewa kwamba ameshajumlisha yote, ya Jumatano, ya Ijumaa na lile dole gumba langu. Halafu akageuka akaenda. Muda mfupi baadaye niliitwa kuvalisha wanaume medali, na nikazivalisha. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake, mimi sikuwemo.

Jumanne nilienda nyumbani kwao Nyaboke. Nilikuwa nimebeba maziwa na sukari, kana kwamba kuna kiasi cha maziwa kinachofaa. Alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa plasta. Nikamwambia kila kitu mbele ya baba yake. Nilisema nilikubali Jumamosi bila kuwauliza, nilimdanganya Ijumaa, nilijua Jumamosi na nikanyamaza. Nililia, ndiyo, lakini machozi ni rahisi, hata nyoka akikanyagwa hujikunja.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chelangat alishaniambia," alisema. "Lakini mama, wewe hukunibeba mgongoni. Nilitoka kanisani na miguu yangu."

"Nilikudanganya, Nyaboke."

"Ulinidanganya kuhusu mwalimu. Kuhusu Sabato hukunidanganya. Hiyo nilikuwa naijua." Akautazama mkono wake. "Mungu aliniuliza kitu kimoja tu, na nikashindwa. Sasa ameuchukua huu mkono."

"Ni shimo la ng'ombe! Ni uwanja ambao hakuna mtu aliutengeneza!"

Nilipaza sauti bila kutaka. Baba yake akaniwekea mkono begani.

"Mimi pia nimemwambia," alisema yule mzee. "Nimemwambia Mungu havunji watoto mikono. Wazee wa kanisa wamekuja, wameomba naye, wamemwambia hivyo hivyo. Hasikii."

Tukakaa pale watu wazima wawili, mmoja aliyekosa na mmoja asiyekosa, na wote tulikuwa hatuna la kufanya.

Imepita zaidi ya miezi saba sasa. Plasta ilitolewa, lakini kifundo hakikunjiki. Kudaka hawezi, na kuchuna majani pia hawezi, kwa sababu chai inataka mikono miwili yenye haraka. Yule mwalimu nilimpigia nikamsihi. Alisikitika kweli, lakini akaniambia nafasi ni ya mchezaji, yeye hana nafasi ya mgonjwa. Nyaboke huuza mboga na mama yake. Kanisani huenda, lakini baba yake anasema hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kwaya ameacha.

Mimi nilitoka kwenye kamati. Wasichana hawanisalimii, na siwalaumu. Mabinti wa Kisabato waliobaki waliacha timu, wakisema hawawezi kuamka kila wiki wakijiuliza watabadilishiwa siku gani. Mwaka huu kamati imesema fainali ya wasichana haitakuwapo, kwa sababu hawana timu kamili. Niliposimama sokoni kulalamika, mwenyekiti alinijibu kwa upole wake ule ule: "Lakini mama, si wewe mwenyewe ulikubali?" Maneno yangu yanatembea bila mimi, na kila mlango ninaotaka kuwafungulia wasichana ninakuta yameshafika kuufunga.

Bado kuna watu wanaobishana kwenye hoteli zetu kama wasichana wanastahili kuwekwa sawa na wanaume. Zamani ningeingia kwenye ubishi huo nikiwa wa kwanza. Sasa nawasikia tu. Ninachojua ni kwamba kama mechi ile isingekuwa ya wasichana, nyasi zingekatwa, sanduku la dawa lingekuwapo, na pikapu ingekuwa pale pale uwanjani. Na ninajua kwamba aliyeitoa heshima hiyo hakuwa mwanaume.

Wewe unayesoma hapa, labda umekalishwa kwenye kiti kwa niaba ya wengine. Kanisani, shuleni, kwenye chama cha wakulima, popote. Siku moja watakugeukia wote kwa tabasamu na kukwambia neno lako ndilo la mwisho. Ogopa hilo tabasamu. Sema ngoja kwanza nikawaulize wenyewe, hata chai ikipoa, hata wakikuchukia. Na ukishakosea, rudi siku hiyo hiyo uaibike. Aibu ya Jumatano ni ya kwako peke yako, lakini ukiilaza, itaamkia kwa mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilinunua sukuma wiki kwa Nyaboke. Nikamwomba tena msamaha, maana sijui kitu kingine cha kumwambia. Alinifungia mboga kwa mkono wa kushoto, taratibu, akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyeumia.

"Wacha tu, mama," alisema. "Mimi nilishatubu."

Ametubu dhambi yangu. Kila Sabato anaiombea msamaha kwenye benchi la mwisho, na mimi siwezi kumnyang'anya.